Mabwawa ya Mbeya na Iringa: Samaki wanakula, mbona hawakui?

UFUGAJI wa samaki katika mabwawa umekuwa ukihimizwa kwa miaka mingi kama njia ya kuongeza kitoweo na kipato cha wananchi wa Nyanda za Juu Kusini. Hata hivyo, lipo lalamiko lisilokwisha: mfugaji hununua vifaranga vya sato, huwalisha pumba, na baada ya miezi sita aliyoahidiwa huvua samaki wasiozidi kiganja.

Lawama hutupiwa vifaranga. Mara nyingi, mkosaji ni maji.

Sato hukua vizuri katika maji yenye nyuzi joto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula hupungua na ukuaji hudorora. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa zaidi ya mita 1,500. Usiku wa Juni na Julai, hewa ya Mbeya hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 10. Kyela, wilaya ya mkoa huohuo wa Mbeya, ina joto kwa kuwa iko kando ya Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Ratiba ya miezi sita inaweza kufaa huko, lakini si Uyole wala Mufindi.

Jambo la pili ni planktoni, yaani mimea na viumbe wadogo mno wanaoelea majini, ambao kwa sato ni chakula cha bure. Hustawi kwa jua na samadi. Wafugaji wengi huacha maji ya kijito yapite bwawani usiku na mchana, wakiamini kuwa maji meupe ndiyo salama. Kumbe maji hayo huingiza baridi na kuondoka na rutuba yote. Yanamfaa trauti, samaki wa maji baridi, lakini huyo naye hudai chakula cha gharama.

Kipimo ni rahisi: zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikionekana waziwazi, maji yana njaa. Kikipotea mapema mno, kijani kimezidi; usiku planktoni hizo hunyang'anyana hewa na samaki, na alfajiri utawakuta wakitweta juu ya maji.

Kuongeza pumba wakati wa baridi ni kuozesha bwawa. Ofisa ugani anayemshauri mwananchi kukopa kwa ajili ya bwawa hana budi kwanza kupima joto la maji ya Julai, kisha ndipo ataje miezi ya kuvuna.