Meno Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha madarasa ya chini anamfahamu mtoto huyu. Ameketi nyuma, shavu limevimba, kiganja kimeshika taya, na somo la hesabu linampita. Kesho yake hayupo. Mwalimu huandika katika daftari la mahudhurio kwamba mwanafunzi hakufika, lakini hakuna daftari linaloeleza kwamba kilichomzuia ni jino.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Meno ya watoto wetu ni mali ya namna hiyo.

Ni kweli kwamba taifa limewahi kuyachunguza. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa ya mwaka wa 2015 ilionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne waliochunguzwa alikuwa na meno yaliyooza. Takriban wawili kati ya watano walikuwa na meno yaliyoathiriwa na madini ya floraidi. Kazi hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo, uchunguzi wa mara moja hueleza hali ya siku ile tu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati huo sasa ni kijana, na hakuna ofisi inayoweza kueleza meno yake yalipatwa na nini baadaye.

Wapo watakaojibu kwamba hospitali na zahanati hupeleka takwimu zao kila mwezi. Ndiyo, hupeleka. Lakini takwimu hizo huhesabu wagonjwa, hazihesabu watoto. Aliyefikishwa hospitalini kung'olewa gego huingia katika hesabu. Jirani yake anayeugulia nyumbani, akitiwa karafuu katika tundu la jino, haingii. Matokeo yake ni kwamba eneo lenye madaktari wa meno wengi huonekana lina maradhi mengi, na lile lisilo na daktari hata mmoja huonekana limejaa watoto wenye afya njema. Kiongozi anayegawa fedha kwa kutegemea hesabu kama hiyo atamwongezea aliye nacho na kumsahau asiye nacho.

Denmark ilifuata njia nyingine. Tangu mwaka wa 1972, wakati sheria ya matibabu ya meno ya watoto ilipoanza kutekelezwa huko, halmashauri zimekuwa zikipeleka taarifa za watoto katika sajili moja ya kitaifa. Kwa kuwa huduma hiyo hutolewa bila malipo, watoto wengi mno huchunguzwa, wenye meno mabovu na wenye meno mazima. Watoto wa umri mmoja hulinganishwa mwaka baada ya mwaka, na eneo moja na jingine. Kwa njia hiyo, Wadenmark waliona kuoza kwa meno kukipungua. Waliona pia jambo ambalo wastani wa nchi ungelificha, kwamba maradhi yaliyosalia yamewaelemea watoto wachache, hasa wa jamaa zisizojiweza. Anayejua hilo anajua pia pa kuanzia.

Hatudai kwamba Kenya ina utajiri wa Denmark. Lakini shule tunazo, na walimu tunao. Tangu mwaka wa 2012, walimu wamewagawia mamilioni ya wanafunzi dawa za minyoo na kujaza fomu kuonyesha nani amemeza. Kwa nini basi mhudumu wa afya ya kinywa asifike shuleni kumchunguza kila mtoto anapoanza masomo, na tena afikapo miaka 12? Ataandika mambo machache tu: meno yaliyooza, yaliyozibwa, yaliyong'olewa, yenye madoa ya kahawia, na maji ambayo mtoto hunywa.

Hilo la maji si dogo. Katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, kuna visima vyenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo yakiwa kidogo hulinda jino, na yakizidi huliharibu. Bila sajili, tutaendelea kuhubiri somo moja katika shule zenye matatizo mawili tofauti.

Tunatahadharisha, hata hivyo. Mtoto asianikwe mbele ya wenzake kwa sababu ya meno yake, na siri zake zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inavyoagiza. Mwalimu naye asigeuzwe daktari. Zaidi ya yote, kumhesabu mtoto anayeumwa kisha kumrudisha darasani na maumivu yake ni ukatili. Sajili lazima iandamane na matibabu, la sivyo itakuwa karatasi tupu.

Kwa hivyo tunaitaka Wizara ya Afya, ile ya Elimu na serikali za kaunti ziketi pamoja na kuanzisha sajili hii, hata ikiwa ni kwa kaunti chache kwanza. Nao walimu wasingoje. Mwanafunzi akikosa shule kwa sababu ya jino, na iandikwe hivyo. Daftari la taifa laweza kuanzia hapo.