FUNDI WA NYUMBANI: Taa za jaketi zisizozimika

Anayeendesha baiskeli jioni kutoka Eneo la Viwanda hadi Umoja au Kayole anahitaji kuonekana na madereva. Kijana aweza kumshonea baba yake taa ndogo nyekundu za LED mgongoni mwa jaketi ya mtumba kutoka Gikomba. Vifaa hupatikana Barabara ya Luthuli, mjini. Lakini taa hizo mara nyingi huzimika baada ya siku chache. Kwa nini?

Nguo hujikunja kila mara. Waya wa uzi mmoja mnene hukatika upesi, kwa hivyo tumia wenye nyuzi nyingi nyembamba. Nao hukatika hasa pale lehemu inapoishia, kwa kuwa hapo pamekakamaa. Funika kiungo kwa mpira mwembamba, kisha ushone waya kwenye kitambaa karibu na hapo, ukiuacha ulegee kidogo.

Chuma kipashe waya moto kwanza, ndipo uuguse kwa lehemu. Ikiyeyukia kwenye chuma tu, kiungo hakitashika. Lehemu nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Betri bapa ya volti 3 usiilehemu kamwe, yaweza kupasuka. Itie katika kishikio chenye kifuniko cha skurubu. Mtoto akiimeza, yaweza kumchoma koo vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Mkimbizeni hospitali papo hapo, hata kama halii.

Tukutane Jumapili ijayo.