MAARIFA YA NYUMBANI: Nyaya Zisisongamane

Tangu mwaka 2015, mradi wa serikali uitwao Last Mile ulipoanza kuunganishia umeme nyumba zilizo karibu na transfoma, taa zimeingia katika nyumba nyingi za mashambani nchini Kenya. Hii ni neema. Lakini umeme, kama moto wa jikoni, humtumikia vyema mtu ajuaye mipaka yake.

Mpaka mmoja husahauliwa mara nyingi. Mwenye duka mjini Machakos aongezaye vyumba hutaka kupunguza gharama, naye humwambia fundi apitishe nyaya zote katika bomba moja. Fundi hutii, ukuta hupendeza, taa huwaka. Kosa limefichwa ndani ya bomba.

Kila waya upitishao umeme hupata joto. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya ulio peke yake hutoa joto lake nje. Ukibanwa kati ya nyaya nyingine zenye joto, joto hilo halina pa kutokea. Ni kama ng'ombe waliosongamana zizini: aliye katikati ndiye aonaye joto kuliko wote.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye ganda la plastiki, ukipita katika bomba la ukutani, waweza kubeba ampea 24 kwa salama, hewa ikiwa na joto la digrii 30. Hiyo ni kwa njia moja ya umeme, yaani waya wa kwenda na wa kurudi. Zikiwa njia mbili katika bomba hilo, kiwango cha kila njia huzidishwa kwa 0.80, zikiwa tatu, kwa 0.70, zikiwa nne, kwa 0.65. Basi katika njia nne, ampea 24 huwa 15.6 tu. Na bomba likipita chini ya mabati penye joto la digrii 40, zidisha tena kwa 0.87, zabaki kama 13.6.

Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa fyuzi ya ampea 20 haijui hesabu hiyo. Majiko mawili ya wati 2400 kila moja, kwa umeme wa volti 240, hutumia ampea 20. Fyuzi hukaa kimya, na huku njia zote zikifanya kazi nzito, ganda la waya hupita digrii 70 lilizotengenezewa. Mwaka baada ya mwaka hukauka na kupasuka, hata siku moja nyaya hugusana, moto ukazuka usiku watoto wamelala.

Dawa yake si ngumu. Njia zenye kazi nzito zipewe mabomba mbalimbali, au waya mnene zaidi, au fyuzi ndogo. Njia ya taa ibebayo pungufu ya asilimia 30 ya kiwango kilichopunguzwa haihesabiwi. Lakini kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuongeza hatari.

Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Kabla ukuta haujapakwa saruji, mwenye nyumba na amwulize: "Ni njia ngapi zapita katika bomba hili, na kila moja yaweza kubeba ampea ngapi?" Fundi hodari atajibu bila kukasirika.