Mikanda ya Deki
Mkanda wa VHS, uliobuniwa na JVC ya Japani mwaka 1976, uliingia sebuleni Tanzania Bara kabla ya matangazo ya televisheni. Kituo cha ITV kilianza kurusha mwaka 1994. Kabla ya hapo, runinga ya Mbeya au Iringa bila deki ilikuwa pambo tu. Mikanda hiyo ikiharibika leo, filamu za ngumi na za Kihindi si hasara kubwa, kwa kuwa nakala zake zipo kwingine, isipokuwa zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili na watafsiri kama Lufufu. Mkanda wa harusi au kipaimara ndio usio na pacha. Baridi ya nyanda za juu haiudhuru. Adui ni unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili, unaootesha kuvu jeupe kwenye utepe. Mkanda wa namna hiyo husafishwa kwanza, la sivyo huchafua vichwa vya deki. Kuunakili kidijitali hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa 3 huchukua saa 3. Deki zenyewe zinaadimika, maana Funai, mtengenezaji wa mwisho, aliacha mwaka 2016. Pamoja na picha huandikwa majina ya waliomo, wangali wapo wazee wa kuwatambua.