Mshahara kwanza, faru baadaye

Nyika ya Mkomazi iko chini ya milima, sehemu yake ikiwa wilayani Same. Mhifadhi wa wanyamapori Tony Fitzjohn alifika Mkomazi na shirika la George Adamson mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya wafugaji kuondolewa huko. Yaelekea vijana wengi walioajiriwa kuwa walinzi walifuata mshahara. Kuna ubaya gani?

Mwaka 1997 wakaletwa faru weusi wanne kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2012 wakaongezwa watatu kutoka Uingereza: Zawadi, Grumeti na Monduli. Aliyekesha akimlinda Zawadi hakuhitaji semina ya dira na dhamira.

Nalo basi la mpango wa elimu wa Rafiki wa Faru likawa likiwaleta wanafunzi wa vijiji jirani. Mlinzi akawa na maswali ya watoto ya kujibu, na ya wafugaji pia.