Upasuaji wa watoto: bingwa anapatikanaje, na kwa nini ni wachache?

Tulipozungumzia ngiri za watoto katika kipindi cha asubuhi, meseji zilizoingia studio zilibeba swali moja kwa namna nyingi. Kama hospitali ya wilaya ina daktari wa upasuaji, kwa nini mtoto aandikiwe rufaa kwenda Muhimbili? Msikilizaji mmoja mwenye duka Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, alitaka kujua tumbo la mtoto lina tofauti gani na la mtu mzima hadi litafutiwe daktari wake peke yake.

Ni swali zuri, na jibu lake haliishii kwenye tumbo. Linatupeleka kwenye masomo ya madaktari wenyewe: nani anawafundisha, wapi, kwa fedha ya nani, na wakishahitimu wanaendelea kujifunza vipi. Mambo hayo husikika zaidi kwenye mikutano ya wataalamu kuliko redioni, ingawa matokeo yake yanamfika mzazi wa Gerezani na Jangwani moja kwa moja.

Tuanze na mtoto. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu isiyofikia hata chupa moja ya soda, takribani mililita 240 mwili mzima. Damu ambayo mtu mzima angeipoteza mezani bila mtu kushtuka inaweza kummaliza. Hupoteza joto haraka akifunuliwa katika chumba chenye kiyoyozi. Dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito wake, na kosa dogo la kipimo kwake ni kubwa. Halafu yapo magonjwa ambayo daktari wa watu wazima huenda asiyaone kabisa katika kazi yake ya kila siku: mtoto anayezaliwa bila tundu la haja kubwa, anayezaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo, ambaye koo la chakula halikufika tumboni, au mwenye uvimbe wa saratani kwenye figo. Kwa hiyo ngiri ya kawaida ya mtoto wa miaka mitano daktari wa upasuaji wa jumla aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya, na wengi wanafanya. Kichanga wa siku mbili ni habari nyingine.

Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Ulifuatilia vichanga na watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula, katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri walifariki 5.6 kati ya kila 100. Katika nchi za kipato cha kati walifariki 20.4, na katika nchi maskini 39.8. Kwa wale waliozaliwa utumbo ukiwa nje pengo linatisha zaidi: asilimia 1.4 katika nchi tajiri na asilimia 90 katika nchi maskini. Ugonjwa ni ule ule. Mtoto yule angezaliwa London, karibu kwa hakika angepona na miaka michache baadaye angekuwa anakimbia shuleni.

Daktari peke yake hawezi kuziba pengo hilo, hili tulikubali mapema. Mtoto wa utumbo nje anahitaji kufunikwa vizuri tangu dakika ya kwanza, kupewa maji ya mishipa, kusafirishwa akiwa na joto, kulishwa kwa mishipa kwa siku nyingi, na kuangaliwa na muuguzi anayejua anachokitazama. Utumbo mara nyingi huwekwa kwanza ndani ya mfuko maalumu unaouingiza tumboni polepole. Mfuko wa kiwandani ni ghali, na katika hospitali kadhaa za Afrika madaktari wamebuni wa kwao kwa mifuko ya mkojo au kondomu za kike. Ujanja huo umeokoa watoto, lakini kuutumia nao unahitaji mtu aliyefundishwa.

Sasa tufanye hesabu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulilinganisha nchi mbalimbali na kuona kuwa hali ya watoto kupona inakuwa bora zaidi panapokuwa na angalau madaktari wanne wa upasuaji wa watoto kwa kila watoto milioni moja walio chini ya miaka 15. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi ni wa umri huo. Chukua kalamu: ni watoto zaidi ya milioni 25, kwa hiyo tungehitaji mabingwa wasiopungua 100. Hatuko karibu na idadi hiyo, na waliopo wengi wako katika hospitali chache kubwa, Muhimbili hapa Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza zikiwa mbele.

Kwa nini ni vigumu kumpata hata mmoja? Hesabu miaka. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Baadaye anarudi darasani kusomea ubingwa wa upasuaji wa jumla, si chini ya miaka mitatu. Ndipo aanze ubingwa bobezi wa watoto, miaka mingine miwili au mitatu. Katikati yake kuna kazi, kusubiri ruhusa ya mwajiri na kutafuta ada. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 anaweza kuwa na miaka 35 au zaidi siku anapoitwa bingwa wa watoto. Ana familia tayari, na wenzake waliochagua fani nyingine wameshajenga.

Njia za kufika huko ni mbili. Ya kwanza ni chuo kikuu: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, au vyuo vya nje. Ya pili haijulikani sana kwa wananchi ingawa makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha. Ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kwa kifupi COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na sasa kinaunganisha nchi 14. Hiki ni chuo kisicho na kuta. Mwanafunzi habebi begi kwenda bwenini. Anabaki hospitali iliyothibitishwa, anafanya kazi na kulipwa kama mwajiriwa, huku akifundishwa na bingwa aliyepo pale na kuandika kila upasuaji alioshiriki. Miaka miwili ya kwanza ni ya misingi, kisha mitatu ya fani aliyoichagua, upasuaji wa watoto ikiwemo. Mtihani wa ana kwa ana hufanyika mwisho wa mwaka, ukihama mji hadi mji pamoja na mkutano wa kitaalamu. Tangu 2007 chuo hiki kina ushirikiano na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, na humo ndimo yalimotoka masomo ya mtandaoni ambayo daktari wa Songea anaweza kuyafungua usiku baada ya zamu.

Mimi naipenda njia hii ya pili kwa sababu moja: wodi haibaki tupu. Daktari pekee wa upasuaji wa mkoa akienda kusoma nje miaka mitatu, mkoa mzima unasubiri miaka mitatu. Lakini ina kasoro yake, na si ndogo. Hospitali haithibitishwi kufundisha upasuaji wa watoto kama haina bingwa wa watoto. Yaani mkoa usio naye hauwezi kumzalisha, na usipomzalisha utaendelea kutokuwa naye. Ndiyo maana nafasi hurudi pale pale zilipo, na ndiyo maana baadhi ya madaktari wa kanda yetu wamepitia Kijabe nchini Kenya, hospitali ambayo kwa miaka mingi imefundisha fani hii kupitia shirika la BethanyKids.

Fedha zinatoka wapi? Serikali ina mpango wa ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia, na umewagusa wataalamu wa fani nyingi. Yapo pia mashirika. KidsOR ya Scotland hujenga na kuandaa vyumba vya upasuaji wa watoto, Muhimbili ikiwa miongoni mwa hospitali zilizofaidika, na hufadhili pia masomo ya madaktari. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipata mmoja wa madaktari wake wa kupasua mioyo ya watoto, Dk. Godwin Godfrey, baada ya kusoma kwa miaka kadhaa Israel kupitia Save a Child's Heart. Alirudi, na hilo la kurudi ndilo muhimu.

Muhimbili nayo imeonyesha timu ya nyumbani inaweza kufika wapi. Julai 2022 madaktari wake, Dk. Zaitun Bokhary akiwa miongoni mwa mabingwa, walitenganisha mapacha walioungana. Mwaka uliofuata, Oktoba, mapacha wengine wa Kitanzania walitenganishwa Riyadh, Saudi Arabia, katika upasuaji uliochukua saa nyingi. Wapo waliolalamika kwamba kwenda Riyadh ni kushindwa. Sioni hivyo. Mapacha huungana kwa namna tofauti, na kujua kesi ipi unaimudu na ipi humudu ni sehemu ya ubingwa.

Tugeukie upande ambao hausikiki kabisa: daktari akishahitimu. Sheria ya mwaka 2017 ya wataalamu wa udaktari na udaktari wa meno inamtaka daktari aendelee kujifunza ili leseni yake ihuishwe, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosimamia. Mafunzo, makongamano na kozi fupi humpa alama. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba kongamano la siku tatu katika hoteli ya mjini lina kiingilio, nauli na malazi, na daktari wa wilaya mara nyingi hujilipia au hubaki nyumbani. Bingwa wa Upanga anavuka barabara tu. Mwenzake wa Kibondo anasafiri siku nzima, tena akiacha zamu bila mtu. Alama ni zile zile, gharama ni mbingu na ardhi.

Na hapa nitasema wazi ninachoamini. Shilingi ya kwanza ya elimu endelevu isiende kwa bingwa wa watoto. Iende kwa daktari wa upasuaji wa jumla wa mkoani, kwa mtaalamu wa usingizi na kwa muuguzi wa wodi ya watoto. Uganda wamejaribu hili. Wakishirikiana na wenzao wa Oxford, wameendesha kozi fupi ya upasuaji wa dharura wa watoto kwa madaktari wa hospitali za mikoani, ili wamtambue mtoto mwenye hatari, wamtulize, wafanye wanachoweza na wamsafirishe akiwa hai. Sisi tuna mlango ulio tayari: tangu 2024 kambi za madaktari bingwa zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri. Kambi ikija, hutangazwa wagonjwa wangapi wameonwa. Ningependa itangazwe pia wenyeji wangapi wamefundishwa, na kazi gani wameachiwa waifanye wenyewe.

Turudi Kariakoo. Kutoka Msimbazi hadi lango la Muhimbili ni safari fupi ya bajaji, foleni ikiruhusu. Hata hivyo ukaribu wa barabara si ukaribu wa huduma. Wengi wetu huanzia duka la dawa. Kichanga anatapika, anapewa dawa ya tumbo, siku mbili zinapita. Kitovu kimetokeza, kinafungwa sarafu. (Ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajafika miaka mitano, sarafu haina kazi pale zaidi ya kuleta vidonda.) Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya umma, lakini kifaa kisipokuwepo mzazi hutumwa kukinunua. Watoto waliotolewa haja kubwa kupitia tumboni wakisubiri upasuaji wa pili wanajulikana na mama zao zaidi kuliko na takwimu: mifuko maalumu ni ghali, hivyo mama hukata vitenge na kanga, anafunga, anafua, anaanika. Kuna wanaoishi hivyo muda mrefu kwa sababu nafasi ya upasuaji wa pili haijafika. Huo ndio upungufu wa mabingwa unavyoonekana ukiwa nyumbani.

Bima ilikuwa mkombozi kwa baadhi. Mwaka 2023 utaratibu wa Toto Afya Kadi ulipobadilishwa, watoto wakitakiwa kusajiliwa kupitia shule au vifurushi vya familia, simu studio hazikukatika. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka huo huo. Kadi itamfikisha mtoto dirishani, ila haiwezi kumtengeneza daktari wa miaka mingi ya masomo.

Kwa wazazi mlioandika mkiomba dalili za kuangalia, hizi hapa kama madaktari wanavyozieleza. Kichanga anayetapika matapishi ya kijani ni dharura, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kichanga ambaye hajapata choo ndani ya siku ya kwanza achunguzwe, na tundu la haja liangaliwe kwa macho siku anayozaliwa. Uvimbe wa kinena unaokuwa mgumu, unaouma na usiorudi ndani haungoji asubuhi. Mtoto wa kiume ambaye korodani haijashuka anapofikisha miezi sita aonwe na daktari, maana upasuaji wake hufanywa vizuri zaidi kabla hajafika mwaka mmoja na nusu.