BARAZA LA MWALIMU: Kontena na Sanduku la Kaka

Mwaka jana niliahidi kueleza jinsi magazeti ya marehemu kaka yangu yalivyoingia katika simu za wajukuu. Ahadi ni deni. Leo nalipa, pamoja na kueleza hasara niliyoipata.

Kaka aliacha sanduku la bati. Ndani yake mna matoleo ya Sani ya miaka ya 1980, yenye vituko vya Madenge na Ndumilakuwili, na vipande alivyokata katika gazeti la Uhuru, vya Chakubanga wake Christian Gregory. Sanduku lilikaa miaka mingi katika stoo ya chini ya jengo letu, Husby. Karatasi ya gazeti haina umri mrefu. Hii imekuwa manjano, na ukiikunja huvunjika kama papadi.

Basi nilianza kunakili kwa skana, ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake: 001, 002, na kuendelea. Kurasa za toleo moja hufungwa pamoja katika faili la zip, kisha herufi za mwisho za jina hubadilishwa kuwa cbz. Siri yote ni hiyo. Programu iitwayo Komga, ambayo ni ya bure, husoma mafaili hayo na kuyapanga kama rafu za maktaba. Mjukuu akiwa sebuleni huandika anwani ya kompyuta yangu na namba 25600, akaingia. Sikuufungua mlango huo kwa ulimwengu, kwa sababu michoro ile ina wenyewe. Ni ya kusomwa nyumbani tu. Mwenye kutaka katuni za mataifa mengine aende Serieteket, maktaba ya katuni iliyofunguliwa 1996 katika Kulturhuset, pale Sergels torg.

Komga naiendesha ndani ya kontena la Docker. Kontena tunalijua sote. Nani kati yetu hajapakia friji na baiskeli za kupeleka nyumbani? Mwaka 1956 Malcom McLean alipakia makontena 58 katika meli ya Ideal X, ili shehena isafiri bila kufunguliwa njiani. Docker, iliyotoka 2013, imefuata wazo hilo hilo: programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, isimsumbue mwenye kompyuta.

Lakini ipo tofauti, na hapo ndipo nilipoumia. Kontena la meli hupakuliwa kwanza. Hili la kompyuta ukilifuta ili ulete jipya, hupotea na kila kilichoandikwa ndani yake, isipokuwa vile ulivyoviweka katika folda ya nje na kuifunga nalo. Komga huhitaji folda mbili: data, ya magazeti yenyewe, na config, ya kumbukumbu zake. Mimi nilifunga ya kwanza, ya pili nikaisahau.

Majira yote ya baridi nilikuwa nikiandika maelezo ya kila toleo: maana ya maneno ya mtaani, misemo, na mizaha ambayo watoto waliozaliwa huku hawaipati. Mengi alinieleza shemeji yangu wa Tanga kwa simu, maana yeye na kaka waliyasoma magazeti yale pamoja. Alifariki mwezi wa Shaabani, Mungu amrehemu. Baada ya Idi nikafuta kontena ili nilete toleo jipya la programu. Magazeti yalikuwapo yote. Maelezo hayakubaki hata mstari. Kosa ni langu, si la programu. Miaka thelathini na kitu nilifundisha wanafunzi kusoma maagizo kabla ya kujibu maswali!

Sasa folda zote mbili ziko nje, na kila Ijumaa nanakili config katika diski nyingine, anayokaa nayo binti yangu mtaa wa pili. Maelezo tunayaandika upya. Mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akinijibu Kiswahili kwa Kiswidi, ndiye mwandishi. Mimi nasoma, naye huuliza na kuandika. Tumefika nusu. Lakini yako maneno kumi na moja ambayo shemeji aliyajua na sisi hatuyajui, na sauti yake siwezi kuipiga simu tena.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Mwenye magazeti ya zamani asiyatupe. Ayalete, tutayanakili na kumrudishia. Na aliyekulia Tanga au Dar miaka ile aje tunywe chai, tumsomee orodha ya yale kumi na moja. Asichelewe, maana nasi tunazeeka.

Wassalaam.